Mlango wa Kubisha: Jinsi Jiji la Dodoma Linavyoendeshwa

Katika mkutano wa mtaa wetu wa mwezi uliopita, uliofanyika chini ya mwarobaini ulio nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, mzee mmoja alisimama akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kiwanja aliyopewa miaka mingi iliyopita na CDA, chombo kilichokuwa kikigawa ardhi ya mji huu, iliyochakaa kwenye mikunjo hata maandishi ya katikati hayasomeki vizuri. Hakuja kulalamika. Alitaka tu kuambiwa, mbele ya majirani zake, ni mlango gani anaopaswa kubisha sasa. Mtendaji wa mtaa alimjibu kwa heshima, “Mzee wangu, sasa ni idara ya ardhi ya Jiji,” na mzee akaketi. Nilirudi nyumbani nikiliwaza swali lake, kwa sababu linagusa kiini cha utawala wa makao makuu yetu.

Mwaka 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma kutoka Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikapewa kazi ya kupanga mji na kugawa ardhi. Hicho ndicho kipindi ambacho, chini ya sera ya madaraka mikoani, halmashauri zilikuwa zikifutwa nchini. Kwa hiyo ardhi ya mji mkuu iliwekwa mikononi mwa chombo cha wataalamu wakati ambapo hapakuwa na diwani wa kuulizwa wala wa kuuliza. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, kisha zikawekewa msingi wa kudumu na Sheria Namba 8 ya mwaka 1982, lakini halmashauri ya Dodoma iliporudi ilikuta viwanja vina mwenyewe. Kwa karibu miaka 40 mkazi wa mji huu alimpigia kura diwani ambaye hakuwa na kauli juu ya jambo lililomkosesha mkazi huyo usingizi kuliko yote, yaani kipande chake cha ardhi.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA na kukabidhi shughuli zake kwa halmashauri, akaagiza pia hati za miaka 33 zilizokuwa zikitolewa zibadilishwe kuwa za miaka 99. Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, aliipandisha Manispaa ya Dodoma kuwa Jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Wengi husherehekea hadhi ya jiji. Mimi naona tukio la 2017 lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa siku ile ardhi ilirudi mahali ambapo mwananchi anaweza kumwita mtu wake na kumhoji.

Mtu huyo ni diwani. Kila kata huchagua diwani mmoja, na Jiji lina kata 41. Wanaongezeka madiwani wanawake wa viti maalum pamoja na wabunge, ambao tangu uchaguzi wa 2025 wanatoka majimbo mawili, Dodoma Mjini na Mtumba. Wote hao ndio Baraza la Madiwani. Baraza humchagua Meya miongoni mwa madiwani, na Meya huongoza vikao vya Baraza na Kamati ya Fedha na Utawala, ambayo ndiyo yenye uzito kuliko kamati nyingine zote kwa kuwa hukutana kila mwezi na kupitia mapato na matumizi. Baraza lenyewe hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Nawasihi wakazi wenzangu waende siku ambayo taarifa za kata zinawasilishwa, wamsikie diwani aliyevaa joho akisoma kuhusu choo cha shule wanayoipita kila asubuhi.

Mkono wa pili wa Jiji ni wa watendaji. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza na mkuu wa watumishi wote, kuanzia wapima ardhi hadi watendaji wa kata na mitaa. Madiwani huamua, Mkurugenzi hutekeleza; ila Baraza halikumteua na haliwezi kumwondoa, na mtu hutazama zaidi upande ulikotoka uteuzi wake. Juu yao wako Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa na TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, na hata sheria ndogo zilizopitishwa na madiwani hazitumiki mpaka Waziri azikubali. Katiba, katika Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na kwa maoni yangu mpangilio huu wa uteuzi haujaifikia bado dhamira hiyo.

Chini ya kata uko mtaa, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi, mara ya mwisho Novemba 2024, na mtendaji aliyeajiriwa. Wenyeviti wa mitaa hukaa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, na huko ndiko maombi ya mkutano wa mtaa hupata njia ya kuingia kwenye bajeti ya mwaka unaoanza Julai. Huko pia ndiko vikundi huanzia safari ya kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Yapo mambo ambayo Jiji hudhaniwa kuwa nayo lakini hayamo mikononi mwake. Barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, maji ni ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na kodi ya majengo hukatwa na Serikali Kuu kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Diwani anaweza kuwaita wahusika na kuwahoji, lakini hana fungu lao. Katika mkutano wetu, swali la mfereji lilichukua karibu saa nzima kabla ya mtu kukumbuka kwamba mfereji ule ni wa barabara, na barabara ni ya TARURA.

Kuhusu yule mzee, mwenyekiti aliagiza swali lake liandikwe kwenye muhtasari ili lipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, maana wako wengine mtaani wenye karatasi kama yake. Mtendaji aliandika kwa kalamu ya bluu, akamsomea, naye akaomba neno “kiwanja” lifuatwe na namba yake.