Ugonjwa unaojificha kwenye sukari ya seli

Kazi yangu ni kupima makundi ya damu. Tone la damu kwenye kigae, tone la kingamwili ya kupimia A, natikisa taratibu. Mwenye kundi A, damu yake hugeuka chenga nyekundu ndani ya sekunde chache. Kinachoshikwa pale ni sukari.

Juu ya utando wa seli, protini nyingi na baadhi ya mafuta hubeba minyororo ya sukari. Kundi A lina N-asetilgalaktosamini mwishoni mwa mnyororo, B lina galaktosi, na O halina hata moja: limebaki na msingi uitwao H, unaohitaji sukari nyingine, fukosi. Inaniuma kuona tunafundishana protini na jeni kwa kina, halafu sukari inapitwa kama pambo tu.

Ugonjwa ulionifanya niipende kazi hii zaidi, LAD II (chembe nyeupe kushindwa kushikamana na mshipa, aina ya pili), ulielezwa mwaka 1992 kwa watoto wawili nchini Israel. Maambukizi yaliwarudia kila mara, chembe nyeupe zimejaa tele kwenye damu, lakini kidonda hakitoi usaha. Ukuaji wao wa akili ulikuwa umechelewa. Na walipopimwa damu, wote walikuwa Bombay, kundi adimu lisilo hata na H! Mambo matatu ambayo ungedhani hayahusiani kabisa.

Chanzo kilikuwa kimoja, fukosi. Jeni iliyobainika mwaka 2001, SLC35C1, hutengeneza protini inayoiingiza fukosi ndani ya Golgi, sehemu ya seli ambako minyororo hiyo hukamilishwa. Mlango huo ukiharibika, H haiundwi. Chembe nyeupe nazo hukosa sukari ya kushikiwa na ukuta wa mshipa, kwa hiyo husombwa na damu na kulipita eneo lenye maambukizi. Askari wapo, hawawezi kushuka garini.

Baadhi ya wagonjwa wamepewa fukosi ya kunywa, chembe nyeupe zikapata mshiko na maambukizi yakapungua. Wengine haikuwasaidia, kwani hutegemea mlango umeharibika vipi.

Kwetu maabara, tahadhari ni moja: mtoto kama huyu hubeba kingamwili dhidi ya H. Katika upimaji wa kawaida anasomeka O, lakini seramu yake (maji ya damu yasiyo na seli) hugandisha hata seli za O. Akihitaji kuongezewa damu, atafutiwe ya Bombay.