Bunduki ya Babu haikai ukutani

Tulikuwa tunashusha dari la nyumba ya zamani ya Babu, Kibosho, kaka yangu akavuta kitu kirefu kilichofungwa gunia. Tukadhani ni mwiko wa mbege. Kumbe bunduki! Mimi ni fundi cherehani, futi haiachani na shingo yangu, basi nikaipima: sentimita 134 na ushee. Kitako kimeliwa na mchwa upande mmoja, komeo limeganda kwa kutu. Nilipofuta vumbi kwa kanga yakatokea maandishi ya Kijerumani, yale ya kujipindapinda: I.G. Mod. 71, yaani bunduki ya askari wa miguu, muundo wa 1871. Na mwaka, 1880.

Baba mdogo hakushangaa. Alisema Babu aliipata kwa baba yake, aliyeiokota Kahe Wajerumani walipokuwa wanakimbia. Huenda ni kweli. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na siku chache baadaye wakapigana Kahe, hapo jirani na Moshi. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani bado walibeba bunduki hizo za zamani za milimita 11. Baruti yake ilitoa wingu la moshi, kwa hiyo ukifyatua tu adui anajua ulipo.

Kaka ana nyumba ya wageni Rau, wazungu wa kupanda mlima wanalala pale. Kabla hata hatujamaliza kufuta kutu, ameshapigilia msumari mapokezi. "Ni pambo, dada. Ina miaka zaidi ya mia." Binamu yetu aliyeko Marekani akampa nguvu kwenye simu: kule, kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni kitu cha kale, haihesabiwi kama silaha. Na binamu hasemi uongo. Ila sheria yake inaishia huko huko aliko.

Mimi nikashika simu nikampigia mtendaji wetu wa kijiji. Nilitaka kuifunga kwenye kitenge niipande nayo bodaboda hadi kituoni. Akanikatisha: "Mama, usithubutu. Iache ilipo, nawaita polisi." Kweli, ningejibu nini kama ningesimamishwa njiani? Kukutwa na silaha bila leseni ni jinai chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na watu hushtakiwa kama wahujumu uchumi.

Walikuja wawili. Kaka akaanza na mirathi: mali ya Babu, sisi ndio warithi. Yule mkubwa, mpole sana, akamweleza kuwa leseni ni ya mtu, haiwi ya bunduki wala ya ukoo. Mwenye leseni akifa, silaha inakwenda polisi, na mrithi anayeitaka anaomba leseni yake mwenyewe, kuanzia serikali ya mtaa kwenda juu. Babu yetu sasa hakuwa na karatasi hata moja. Kaka akahamia kwenye kutu, kwamba hata haifyatuki. Akajibiwa kwamba fundi mwenye tupa na mafuta haogopi kutu.

Hapo kaka akaona arushe karata ya mambo ya kale, kwamba ni urithi wa taifa. Hiyo nilikuja kuisoma mwenyewe, na nilicheka peke yangu dukani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaita masalia ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Yetu ni ya 1880. Kwa kaka ni kizee, kwa sheria hiyo bado kijana.

Sikatai, iliniuma kuiona inaingizwa kwenye gari. Baba mdogo aliishika kitako mara ya mwisho, akasema neno la Kichagga ambalo sitaliandika hapa.

Tulipewa hati ya kupokelea. Nikaisoma: "Gobole moja, bovu." Nikamwambia afande, gobole hushindiliwa baruti mdomoni, hii inapokea risasi kwa nyuma, na imetoka Ujerumani. Akaniangalia, akaangalia kalamu yake.

"Mama, nimeshapiga muhuri."

Basi kwenye karatasi za serikali, babu yetu alikuwa na gobole.