Kusubiri siku za dawa hakuondoi bakteria sugu kwenye kuku

Wafugaji wengi wa kuku wa nyama wanajua kwamba ukimaliza dozi ya antibayotiki, unasubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ndipo uchinje. Wanaofuata hilo wanafanya vizuri sana. Kosa ni kudhani kwamba siku zikishatimia, kuku huyo hana tena tatizo la dawa. Kinachoisha ni mabaki ya dawa mwilini. Bakteria waliokwisha kuwa sugu, yaani wasiokufa tena kwa dawa, bado wamo kwenye utumbo, na wanaweza kukaa humo muda mrefu. Jikoni ni kinyume chake: moto unawaua bakteria sugu kama unavyowaua wengine, kwa sababu kushinda dawa si kushinda joto, lakini mabaki ya dawa nyingi hayaondoki kwa kuchemsha. Mfugaji ana kazi yake na mpishi ana yake, wala hakuna anayeweza kuifanya ya mwenzake.

Bandani chanzo kikubwa cha usugu ni ile desturi ya kuwanywesha vifaranga oksitetrasaiklini, antibayotiki ya kundi la tetrasaiklini, siku za mwanzo "kama kinga". Vifaranga wazima hawahitaji dawa. Dawa hiyo inawaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wenye jeni za usugu. Jeni hizo mara nyingi ziko kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha duara ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa aina tofauti: E. coli, bakteria wa utumbo wa kuku, anaweza kumpa Salmonella, bakteria anayeharisha watu. Na plasmidi moja hubeba usugu wa dawa kadhaa, kwa hiyo dawa moja ya kuku inaweza kudumisha usugu wa dawa nyingine ambayo kuku hajawahi kuionja.

Mfano ulioshtua dunia ulitoka China mwezi Novemba 2015. Kolistini, dawa inayowekwa akiba kwa wagonjwa mahututi, ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha mifugo ili wakue haraka. Watafiti walikuta bakteria wenye jeni ya mcr-1, inayoshinda kolistini, kwenye sampuli 78 kati ya 523 za nyama mbichi, wanyama 166 kati ya 804, na wagonjwa 16 kati ya 1,322. Mwaka 2017 China ilipiga marufuku kukuzia mifugo kwa kolistini.

Hata kuku anapoumwa kweli, dozi huharibika kirahisi. Kuku mgonjwa hanywi maji ya kutosha, kwa hiyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayeipata kidogo. Maji ya chumvichumvi yenye kalsiamu nyingi huishika tetrasaiklini isifyonzwe vizuri, na chombo kilichoachwa juani kinaimaliza nguvu. Changanya upya kila siku, weka kivulini, kamilisha siku zote za dozi. Mdondo na gumboro ni virusi. Hapo antibayotiki haina kazi, kinachotakiwa ni chanjo kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Machinjioni, utumbo ndio wa kuogopwa. Acha kuwalisha kuku saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, maji yaendelee, ili utumbo uwe mtupu na usipasuke wakati wa kuutoa. Angalia pia lile pipa la maji moto pale sokoni: kuku wa kwanza ameingia maji yakiwa safi, wa ishirini anachovywa kwenye maji ya kahawia yenye kinyesi, tena yamepoa kiasi cha kutoua chochote. Huyo ndiye unayemwagiza kwenye mfuko wako. Daini maji yabadilishwe. Una haki hiyo, unalipa.

Nyumbani hatari kubwa haiko kwenye sufuria, iko kwenye ubao wa kukatia. Kata kachumbari kwanza, ifunike, iweke mbali, ndipo ufungue mfuko wa kuku. Usimwoshe chini ya bomba, matone yanaruka hadi kwenye sahani zilizokauka. Ubao na kisu vioshwe kwa sabuni na maji moto hadi mafuta yaishe, kisha loweka dakika chache kwenye lita 1 ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha jiki ya 3.5%, na usuuze. Ukianza na jiki kabla ya sabuni, mafuta na damu vinaimaliza bure. Friza haiui bakteria, inawalaza tu. Yeyusha kuku kwenye rafu ya chini ya friji, ndani ya bakuli.

Nyama ya paja karibu na mfupa ifike nyuzi 74. Rangi inadanganya. Kuku wa kuchoma akiungua nje huku mfupa una damu, moto ulikuwa mkali mno: subiri makaa yavae majivu, na mpasue vipande vyembamba.

Maziwa yana sura zote mbili. Kuyachemsha kunaua bakteria, lakini penisilini aliyochomwa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele inabaki, na ng'ombe mmoja anatosha kuharibu keni nzima. Dalili mojawapo ni maziwa kugoma kuganda hata yakitiwa mtindi mzuri wa kuanzishia. Ng'ombe aliyechomwa dawa mkamue wa mwisho, kwenye chombo chake, hadi siku za lebo ziishe. Maziwa hayo ndama pia asipewe, maana dawa kidogo iliyomo ndiyo inayozalisha bakteria sugu tumboni mwake.