Kutafuta programu ya kunakili CD inayofaa kwa asiyeona

Mtu anayeona akitaka kuhamishia nyimbo za CD kwenye kompyuta, hulinganisha programu kwa bei, kasi na ubora wa sauti. Sisi tusioona tuna swali linalotangulia hayo yote, nalo ni iwapo programu hiyo itakubali kusomwa na kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Nimejaribu nyingi, za bure na za kulipia, na nimefikia msimamo kwamba sifa inayotangazwa zaidi na watengenezaji, yaani urahisi wa kutumia, haitusaidii hata kidogo kuchagua. Programu zenye sura ya kupendeza na vitufe vitatu vikubwa mara nyingi huwa bubu kabisa, ilhali zile kongwe, zenye menyu ndefu na madirisha ya mipangilio yaliyosongamana, huzungumza bila kusita.

Sababu yake inaeleweka. Kisoma skrini, kiwe NVDA, JAWS au Narrator kwenye Windows, VoiceOver kwenye Mac au Orca kwenye Linux, kwa kawaida hakitazami picha iliyo kwenye skrini. Huuliza mfumo wa kompyuta: mahali hapa pana kitu gani, kinaitwaje, na kiko katika hali gani? Programu iliyojengwa kwa vitufe, orodha na visanduku vya kawaida vya Windows hupata majibu hayo karibu bure, kwa kuwa Windows yenyewe ndiyo inayojibu. Programu iliyojichorea vitufe vyake ili ipendeze haina cha kujibu, isipokuwa mtengenezaji awe amejitwika kazi ya kuandika majibu yote mwenyewe, na wengi hawajitwiki.

Kwa hiyo, kabla sijasoma sifa za programu yoyote, naifungua CD ikiwa ndani ya draivu na kuanza kubonyeza Tab huku nikisikiliza. Nikisikia neno “kitufe” bila jina, kisha “kitufe” tena bila jina, subira yangu huanza kupungua. Nikifika kwenye orodha ya nyimbo nashuka kwa vishale, na kila mstari unapaswa kutaja namba ya wimbo, jina lake, urefu wake na kama umetiwa tiki. Nikibonyeza kitufe cha nafasi, nataka kusikia papo hapo kwamba tiki imeondoka. Hapa ndipo programu nyingi huanguka: majina yanasomeka lakini tiki haisomeki, nawe hujui kama unakaribia kunakili wimbo mmoja au CD nzima. Baada ya hapo najaribu Alt ili nione kama kuna menyu, halafu Shift pamoja na F10, inayofungua menyu ya kitu ulichokichagua, juu ya wimbo mmojawapo. NVDA ina njia ya dharura, kwa kubonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na R, ambayo hutambua maandishi yaliyo ndani ya picha ya skrini. Njia hiyo inafaa kukuvusha kwenye dirisha moja la kusakinisha, lakini programu inayokulazimisha kuitumia kila unapobadilisha CD haifai kubaki kwenye kompyuta.

Kwenye Windows naitumia zaidi foobar2000, programu ya bure ya Peter Pawłowski ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002. Wengi huijua kama kicheza muziki tu, kumbe ndani yake mna sehemu kamili ya kunakili CD. Katika menyu ya File kuna amri ya Open Audio CD, ambayo hufungua dirisha dogo lenye orodha ya draivu na kitufe cha Rip. Ukikibonyeza, unapata dirisha la pili lenye nyimbo zenyewe, sehemu ya kutafutia majina yake, na njia mbili za kuendelea: kwenda kwenye mipangilio ya kina, au kunakili mara moja kwa mpangilio uliouhifadhi zamani. Yote hayo hufikika kwa Tab na vishale. Jambo la kuandaa mapema ni enkoda, yaani programu ndogo zinazobana sauti kuwa faili, kwa kuwa zile za FLAC (muundo usiopoteza ubora) na MP3 (faili ndogo zaidi) hupakuliwa kando, katika kifurushi kiitwacho Free Encoder Pack kinachopatikana kwenye tovuti hiyo hiyo. Asiyekisakinisha hufika hatua ya mwisho kabisa, kisha anaulizwa faili ya enkoda iko wapi, na swali hilo limewafanya watu kadhaa ninaowafahamu waamini kwamba programu imeharibika.

Mwenye CD zilizochakaa atahitaji Exact Audio Copy, kazi ya Andre Wiethoff wa Ujerumani. Katika hali yake ya usalama, programu hii husoma kila sehemu ya CD angalau mara mbili na kulinganisha. Matokeo yakitofautiana, hurudia tena na tena mpaka yakubaliane au ikate tamaa. Kuisanidi kunachosha, maana vichupo vya mipangilio ni vingi na baadhi ya maneno yake humtatiza hata fundi, lakini kazi hiyo hufanywa mara moja. Baada ya hapo unachagua nyimbo na kubonyeza Shift pamoja na F5, basi. Kinachonivutia zaidi ni ripoti yake. Inapomaliza, inaweza kuhifadhi faili ya maandishi matupu inayosema, wimbo kwa wimbo, kama kusoma kulikwenda sawa na mahali gani palitia shaka. Programu nyingine humwonyesha mtumiaji matokeo hayo kwa rangi ya kijani au nyekundu, ambayo kwetu ni sawa na kunyamaza. Ripoti ya maandishi naifungua kwa Notepad na kuisoma mstari kwa mstari kama barua.

Ndani ya ripoti hiyo mnaweza kuwa pia na matokeo ya AccurateRip, huduma inayolinganisha ulichonakili na kile walichopata watu wengine walionakili CD hiyo hiyo. Ikiwa hesabu zinalingana, una uhakika mkubwa kwamba nakala yako ni sahihi, na huhitaji kukaa unasikiliza albamu nzima ukitafuta mikatiko. foobar2000 nayo hufanya ulinganisho huo.

Wakati kazi inaendelea, masikio hupata habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. NVDA, ikikuta kipimo cha maendeleo ambacho inaweza kukisoma, hutoa milio mifupi inayopanda kadiri kazi inavyosogea, na unaweza kubadilisha ili iseme asilimia badala ya kulia. Draivu yenyewe husema pia. CD safi huzunguka kwa mvumo ulionyooka. Inapofika penye mkwaruzo, mvumo hushuka, unasikia kichwa cha kusomea kikirudi nyuma na kujaribu upya, kisha kasi inapanda tena taratibu. Wanaoanza huuliza kama sauti ya kisoma skrini itaingia kwenye nyimbo zao. Haiingii, kwa sababu kunakili CD si kurekodi kupitia kadi ya sauti. Programu huchukua namba zilizomo kwenye diski, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stirio, na hakuna kinachosikika chumbani kinachoweza kuzigusa.

Kwa asiyetaka mipangilio mingi, iTunes kwenye Windows, au programu ya Music iliyochukua nafasi yake kwenye Mac mwaka 2019, ina mpangilio mmoja ninaoupenda: kuagiza kwamba kila CD inayoingizwa inakiliwe na kutolewa yenyewe. Unaingiza CD, unaendelea na shughuli zako, na draivu ikiitema unajua imemaliza, bila kugusa skrini wala kusikiliza kitu. Upungufu wake ni kwamba haitoi FLAC, bali AAC, MP3 na muundo wa Apple usiopoteza ubora.

Kwenye Linux mambo ni mepesi kwa namna ambayo huwashangaza wanaoona. Programu iitwayo abcde haina dirisha wala kitufe. Unaandika abcde -N -x -o flac, unabonyeza Enter, nayo inasoma CD, inatafuta majina, inabadili sauti kuwa FLAC, inaandika lebo za kila wimbo (jina, msanii na namba vinavyohifadhiwa ndani ya faili) na kuitoa CD bila kukuuliza chochote. Kila inachokifanya hukitangaza kwa maandishi, ambayo Orca huyasoma na mashine ya nukta nundu huyaonyesha bila shida. Marafiki wanaoona huiona njia hii kama adhabu. Mimi naiona kuwa ya heshima zaidi kwa mtumiaji, kwa kuwa hakuna kilichofichwa kwenye picha.

Suala la majina linastahili uzito wake. CD nyingi za muziki hazina majina ya nyimbo ndani yake. Programu hupima mahali kila wimbo unapoanzia, ikatengeneza utambulisho kutokana na vipimo hivyo, kisha ikauliza hifadhidata ya mtandaoni kama kuna aliyewahi kusajili CD ya namna hiyo. Kwa anayeona huo ni wepesi wa kutochapa, maana jalada liko mkononi mwake. Kwangu mimi jalada ni karatasi laini tu, na mara nyingi jibu la hifadhidata ndiyo njia pekee ya kujua nimeshika CD gani. Ndiyo maana ni hasara kwamba hifadhidata ya freedb, iliyotegemewa na programu nyingi za zamani, ilifungwa mwaka 2020. Toleo la zamani linaloendelea kuiuliza litakupa “Track 1”, “Track 2” hadi mwisho. Dawa ni kusakinisha toleo jipya, au kuelekeza mipangilio kwa gnudb, iliyorithi data zake, au kwa MusicBrainz, hifadhidata nyingine, pale programu inapoikubali. Wakati mwingine vipimo hulingana na CD zaidi ya moja, na programu hukupa orodha uchague. Basi orodha hiyo nayo ipimwe kwa Tab na vishale, kwa maana nimekuta programu iliyosomeka vizuri kila mahali isipokuwa hapo.

Vitabu vya sauti vina kanuni zake. Hifadhidata mara nyingi haivijui, au kila CD ya kitabu kimoja imesajiliwa na mtu tofauti kwa mtindo wake, kwa hiyo huenda CD ya tatu ikaonekana kuwa kitabu kingine kabisa. Mimi siulizi hifadhidata. Naandika jina la kitabu mwenyewe, natenga folda moja, na kila faili naipa namba ya CD kisha namba ya kipande, zote kwa tarakimu mbili, ili namba 2 isije ikapangwa baada ya 10. Kwa nyimbo, kinyume chake, natanguliza jina na kuiacha namba ndani ya lebo tu, kwa sababu kwenye folda ninaruka hadi faili ninayoitaka kwa kubonyeza herufi yake ya kwanza, na kusikia “sifuri moja, sifuri mbili” kabla ya kila jina kunachosha haraka. Sauti ya msomaji peke yake haihitaji FLAC; MP3 ya upande mmoja (mono) kwa kilobiti 64 kwa sekunde inatosha, na dakika moja itachukua takribani nusu megabaiti badala ya kumi zilizomo kwenye CD. Chaguo la kilobiti na la upande mmoja huwa mara nyingi kwenye dirisha la mipangilio ya enkoda, ambalo ni tofauti na dirisha kuu la programu, na linahitaji kujaribiwa kivyake kabla ya kuingiza CD ya kwanza ya kitabu.