Siku Moja Guangzhou, na Mita 17 za Zipu

Mtaani kwetu, mtu akisikika tu kwamba amekwenda China, anaacha kuwa muuza zipu na anakuwa tajiri. Niliporejea Dar es Salaam mwezi Septemba, majirani walikuja kunipa pole ya safari huku macho yao yakitafuta masanduku. Ninauza vifaa vya ushonaji Kariakoo: zipu, vifungo, lastiki, bitana, uzi na lesi. Kwa miaka tisa nilinunua kwa waagizaji wakubwa, na mwaka huu wenye maduka wanne tulichanga fedha, wenzangu wakanichagua mimi niende kwa niaba yetu sote, kwa hoja kwamba mimi ndiye mbishi kuliko wote. Sikuwahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Nilipata siku tano za kazi, nami nitaisimulia ya tatu, siku ya Jumatano.

Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na adhana ya simu. Guangzhou iko mbele ya kwetu kwa saa tano, kwa hiyo nyumbani ndiyo kwanza ilikuwa saa sita ya usiku. Nilisali, nikachemsha maji katika birika la hoteli, nikanywa chai ya rangi na tende nilizobeba kutoka nyumbani, kisha nikapanga mkoba. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na futi kamba ya fundi, daftari, kalamu ya wino mzito, na vipande viwili vya kitambaa vyenye ukubwa wa kiganja: kimoja cha kaki na kimoja cha bluu iliyokoza. Vipande hivyo vilikuwa na thamani kuliko pasi yangu ya kusafiria, maana ndizo rangi za sare za shule, na sare za shule ndizo zilizonipeleka huko.

Lazima nieleze hesabu ya tarehe, kwa kuwa ndiyo iliyotawala safari nzima. Shule kwetu hufunguliwa Januari, na mafundi huanza kukata sare mwezi Novemba. Mzigo wa meli kutoka kusini mwa China huchukua mwezi na zaidi kufika bandari ya Dar es Salaam, halafu kuna siku za kuutoa bandarini. Huko nako, tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa, na viwanda vingi hufungwa kwa takriban wiki nzima. Anayechelewa kulipa kianzio katikati ya Septemba atapokea zipu za sare wakati watoto wameshakaa darasani na suruali zilizofungwa kwa pini.

Saa mbili kasorobo nilikutana na wakala wetu mlangoni mwa hoteli, katika eneo la Xiaobei ambako Waafrika na Waarabu ni wengi kiasi kwamba unaweza kupata wali na mchuzi bila kuuliza mara mbili. Ni kijana wa Kitanzania anayeishi huko na anayezungumza Kichina kwa kasi inayonitia kizunguzungu. Yeye huniita dada, nami humwita mdogo wangu. Tuliteremka kwenye treni ya chini ya ardhi. Kila abiria hupitisha mkoba wake kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kuingia, na kila asubuhi askari mmoja kijana aliitazama futi kamba yangu kwenye kioo kana kwamba ni nyoka aliyejikunja. Tulibadilisha treni mara mbili, tukatokea kituo cha Lujiang, wilaya ya Haizhu.

Hapo ndipo lilipo soko la vitambaa la Zhongda, lililopata jina kutokana na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kilicho jirani, ambacho Wachina hukiita hivyo kwa kifupi. Soko ni neno dogo mno kwa mahali hapo. Ni majengo kwa majengo, ghorofa kwa ghorofa, na kila kibanda kina kitu kimoja tu. Nilipita ukumbi mzima wa vifungo, nikafikiri umekwisha, kumbe nilikuwa nimemaliza vya plastiki na vya chuma vilikuwa ghorofa ya juu. Nje, pikipiki za umeme zisizotoa sauti hupita na majora marefu ya vitambaa yaliyolazwa nyuma, na mtu wa Kariakoo aliyezoea kusikia chombo kabla ya kukiona hana budi kujifunza upya namna ya kuvuka njia. Katika vichochoro vya karibu, kwenye karakana ndogo za ushonaji, niliona wanaume wamesimama wakiwa wameinua nguo moja moja mkononi. Nilidhani ni wamachinga. Wakala akanieleza kwamba hao ni waajiri wanaotafuta mafundi wa siku hiyo: fundi huishika nguo, hugeuza mshono, huuliza malipo kwa kipande, na asiporidhika huenda kwa mwajiri wa pili. Nilisimama nikitazama, mpaka wakala akanivuta mkono.

Kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu tulinunua vifungo na lastiki bila tatizo lolote linalostahili kusimuliwa.

Saa tano kasoro tuliingia kwenye kibanda cha zipu, na hapo ndipo siku ilipokwama. Nilihitaji zipu ya nailoni namba 5, ile ambayo meno yake yakifungwa huwa na upana wa takriban milimita tano, iliyo katika mabunda marefu ambayo fundi hukata kwa kipimo anachotaka na kuvisha kichwa mwenyewe. Muuzaji, binti mwenye miwani, alitoa kadi ya rangi. Chini ya taa za kibanda kaki yake ilikubaliana kabisa na kitambaa changu, lakini nilipotoka nacho hadi dirishani kwenye mwanga wa mchana, zipu ilionekana na ukijani. Tulirudia hivyo mara nne, nikienda dirishani na kurudi, hadi tukapata kaki iliyo kaki kwenye taa na kwenye jua. Kisha nikafungua na kufunga kipande kile kile mara hamsini nikihesabu kwa sauti, na yule binti akahesabu pamoja nami kwa Kichina, akicheka. Wakala alikuwa kwenye simu na mteja mwingine, kwa hiyo nikajaribu programu ya kutafsiri na kumwambia kwamba nataka zipu isiyokula nguo. Sijui simu ilimwambia nini, lakini aliirudisha kadi ya rangi kifuani kwake na kunitazama kwa wasiwasi.

Bei tulielewana kwa kikokotoo, ambacho ndicho lugha halisi ya soko hilo: yeye anaandika, wewe unafuta na kuandika yako, naye anavuta pumzi kama aliyechomwa sindano. Tukafika yuan 80 kwa bunda la mita 200. Mabunda 120. Nilikuwa tayari kutoa kishika uchumba pale risiti ilipoandikwa, na wakala, aliyekuwa amemaliza simu yake, akaisoma na kukunja uso. Kwa Kichina mita ni *mi* na yadi ni *ma*. Risiti ilisema *ma*.

Kwa asiyeshona, tofauti hiyo ni ya herufi. Yadi ni sentimita 91 na kitu. Yadi 200 ni mita 182 na sentimita 88, kwa hiyo kila bunda lilipungua mita 17 na ushei. Zipu ya suruali hukatwa sentimita 18, na hivyo katika kila bunda zilikuwa zimetoweka zipu 95. Zidisha kwa mabunda 120, utapata suruali zaidi ya elfu kumi na moja zisizo na zipu, nami nilikuwa nimebeba fedha za watu watatu wengine ambao wangenihoji moja baada ya nyingine.

Binti alisema kwamba tangu mwanzo alitaja yadi. Nilisema kwamba tangu mwanzo nilitaja mita. Alionyesha lebo ya bunda, iliyoandikwa 200 na alama ambayo kwangu ilikuwa mchoro tu. Nikasema tupime. Akasema hakuna mtu anayepima bunda zima. Nikajibu kwamba mimi ninapima, nikachuchumaa kwenye ushoroba nikapima kigae cha sakafu kwa futi kamba: sentimita 80. Vigae kumi vilikuwa mita nane. Wakala alisimama mwisho mmoja, mimi mwisho wa pili, tukawa tunalaza zipu kwenda na kurudi huku wachukuzi wenye vitoroli wakitupigia kelele tuwapishe, na kila wakipita tunainua zipu kama wavuvi wanaoinua wavu, kisha tunaishusha na kubishana kama ilikuwa safu ya kumi na nne au ya kumi na tano. Tulianza upya mara mbili. Goti langu la kulia, ambalo lina historia yake, lilianza kulalamika kwenye safu ya tisa. Wauzaji wa vibanda vya jirani walitoka kutazama. Mmoja alituletea kigoda, mwingine alitupiga picha. Nami nilipiga yangu moja, ya zipu ya kaki iliyolala kwenye vigae, iwe ushahidi kwa wenzangu.

Safu 22, na vigae vinane. Mita 182 na sentimita 40. Bunda lilikuwa la yadi 200, sawasawa na lebo yake, kasoro upana wa ukaidi wetu.

Hapo ilikuwa saa sita imepita na soko likalala. Sisemi kwa mafumbo. Wauzaji walikula wali kutoka kwenye vibakuli vyao, wakaegemeza vichwa juu ya meza na kusinzia, na yule binti, katikati ya ugomvi wetu, akavua miwani, akajifunika koti na kulala. Nilikasirika kwa dakika kumi. Halafu nilikaa kwenye kigoda cha watu, nikala karanga, nikajiuliza jambo ambalo sikutaka kujiuliza: ni nani hasa kati yetu aliyetamka mita? Katika kikokotoo hakuna mita wala yadi, kuna 200 tu. Wakala alikuwa kwenye simu, na mimi nilikuwa nasema "mi nataka mia mbili, mi nataka mia mbili", nikijigusa kifua.

Mwenye duka alikuja karibu saa nane, mama wa makamo, akaweka vikombe vidogo kama vya kahawa ya barazani na kutumiminia chai kabla ya kuuliza lolote. Alisikiliza pande zote, akaitazama zipu iliyokuwa bado imetapakaa ushorobani, akacheka hadi akashika meza. Nilitaka yuan 73, ambayo ndiyo bei halali ya urefu ule. Tulimaliza kwa 76. Binti na mimi tulikunja bunda pamoja, kimya, yeye akizungusha na mimi nikinyoosha meno yasipindane. Kianzio kilikuwa asilimia 30, yuan 2,736, na bakia ni baada ya mzigo kufika stoo kabla ya sikukuu. Risiti niliisoma herufi kwa herufi, pamoja na zile nisizozijua.

Baada ya hapo saa zinaingiliana kichwani mwangu. Tulikula tambi za nyama ya ng'ombe kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina wenye kibao cha kijani, na nilikunywa mchuzi wote. Mvua ilinyesha, ile ya kwao ya Septemba isiyopunguza joto hata kidogo. Bitana tuliikosa. Kwenye stoo ya wakala niliandika alama ya duka letu kwa kalamu ya wino mzito juu ya marobota ya jana, pande zote nne, kwa sababu kontena ni la kuchangia na robota lisilo na alama halina mama. Tulipima mita za ujazo, tukabishana kidogo kuhusu robota lililotuna, nikashindwa.

Kwenye treni ya kurudi nilisinzia nimesimama.

Nilifika chumbani saa tatu usiku, lakini siku yangu ilikuwa haijaisha, kwa kuwa nyumbani ilikuwa saa kumi jioni na duka halifungwi kabla ya saa kumi na mbili. Mauzo ya leo ndiyo yanayoamua manunuzi ya kesho, kwa hiyo nilipaswa kukesha hadi saa tano nikisubiri hesabu. Niliweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na kujaza daftari. Binti wa dada yangu alikuwa ameniandikia tangu mchana kwamba nisirudi bila picha ya mnara wa Guangzhou, wenye mita 600, na ya mto. Nilicheka peke yangu. Ncha ya mnara huo niliiona Jumanne kati ya majengo mawili, ikizama katika mawingu. Ama mto, ule wa Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, nilikuwa nauvuka mara mbili kila siku, kwenda na kurudi, ndani ya treni inayopita chini yake, na hadi leo sijui maji yake yana rangi gani.

Nilimtumia picha pekee niliyokuwa nayo. Akajibu kwa alama ya kuuliza.

Saa tano na dakika kumi mdogo wangu wa dukani akaandika: "Pole na kazi, dada. Kaki imetoka vizuri leo. Bluu yamebaki mabunda matatu, ongeza. Na fundi wa Mbagala anauliza kama hayo mapya yatakuwa ya yadi au ya mita."