Prosesa Moja ya Kujaribia

Jioni ile niliamini kazi imekwisha. Wiki mbili nzima nilikuwa nafungasha libcpuid kwa ajili ya Debian, mfumo huria wa Linux, ili watumiaji wake waweze kuisakinisha. Ni maktaba ndogo ya msimbo, iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayoihoji prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na kurudisha majibu yanayosomeka, uwe kwenye Linux, Windows au macOS. Niliijenga, nikaendesha programu yake ndogo, cpuid_tool, na jina la prosesa yangu likatokea sawasawa. Nikamtumia kifurushi dada aliyekuwa ananielekeza.

"Mdogo wangu, umekijaribu kwenye prosesa ngapi?"

Moja. Sikuwa na nyingine.

"Basi fungua folda ya tests. Halafu uniambie kwa nini umeyazima majaribio."

Ni kweli, niliyazima mwenyewe kwenye debian/rules, faili linaloelekeza namna ya kujenga kifurushi, nikidhani yanahitaji mashine ambazo sina. Prosesa za x86, familia ya Intel na AMD, tangu Pentium ya 1993, zina amri iitwayo CPUID. Ukiweka sifuri kwenye EAX, mojawapo ya rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa), na kuitekeleza amri hiyo, jina la mtengenezaji linarudi vipande vitatu: "Genu" kwenye EBX, "ineI" kwenye EDX, "ntel" kwenye ECX. Ukifuata alfabeti, ukasoma ECX kabla ya EDX, unapata "GenuntelineI". Na hilo ndilo swali jepesi kuliko yote! Ukifika kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, Intel na AMD kila mmoja ana namna yake ya kujibu.

Nikafungua folda. Faili baada ya faili, kila moja na namba ghafi zilizotoka kwenye prosesa ya mtu fulani, na chini yake majibu ambayo maktaba inapaswa kuyatoa. Maktaba inaweza kusoma namba hizo kana kwamba prosesa yenyewe ipo mezani. Watu nisiowajua walikuwa wamezihoji mashine zao na kuzituma. Nilikaa nikizisoma moja moja hadi usiku mkubwa, prosesa ambazo sitazigusa maishani.

Nikayawasha majaribio, yakapita. Dada akanionyesha kosa jingine: kwenye mstari wa Architecture, unaotaja aina za prosesa, niliandika "any" (yoyote), kwa hiyo Debian ingejaribu kuijenga hata kwenye ARM, familia nyingine ya prosesa, ambako amri ya CPUID haipo, na toleo lile lilijua x86 tu. Nikaandika "any-amd64 any-i386", yaani x86 za biti 64 na 32 tu.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa mjomba, anakouza daftari na kutoa kopi. Ana kompyuta ya zamani ya AMD. Niliwasha Linux kutoka kwenye flashi, nikaendesha cpuid_tool na --save ili kuhifadhi namba ghafi kwenye faili, nikalinganisha na folda ya tests. Modeli yake haikuwemo. Nikawatumia watunzaji wa libcpuid faili lile nikiwa bado nimesimama kaunta.

"Vipi, imepona?" mjomba akauliza.

"Haikuwa inaumwa, mjomba. Nilikuwa naiandikisha."