Transista Iliyonipiga Chenga

Osiloskopu yangu ya miaka ya 1970, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ilizima ghafla, ikabaki inatoa mlio wa tik-tik upande wa pawasapulai. Mshukiwa wangu wa kwanza huwa kapasita za tantalamu, vijisehemu vya kuhifadhi chaji, na kweli: moja ya mikrofaradi 10, volti 25, ilikuwa imepiga shoti. Hiyo haikunisumbua. Nikaweka ya volti 35, basi.

Kasheshe ilikuwa transista, kijisehemu cha kudhibiti mkondo, iliyoungua pamoja nayo. Namba iliyo juu yake ni ya ndani ya kiwanda tu, haina maana kwa mtu mwingine. Nikafuatilia mchoro wa saketi: ni ya aina ya NPN, ya silikoni, mkondo mdogo, volti hazizidi 30. Kumbe transista ya kawaida kama 2N3904 inatosha kabisa! Ila kwenye droo nilikuwa na aina nyingine tu, BC547. Kwa uwezo zinakaribiana, lakini miguu yao mitatu imepangwa kinyume: moja emita-besi-kolekta, nyingine kolekta-besi-emita. Nalijua hilo miaka yote, na bado niliichomeka bila kuigeuza. Saa nzima nakuna kichwa.

Nilipoigeuza, mstari wa kijani ukatokea kwenye skrini.

Sasa kinachoninyima usingizi ni dayodi ya Esaki ("tunnel diode") kwenye saketi ya triga, ile inayoamua mchoro uanze lini. Kuna mahali volti yake ikipanda mkondo unashuka, na transista ya kawaida peke yake haiigi tabia hiyo. Bado nzima. Hata kuipima kwa mita sithubutu, maana mkondo wa mita wenyewe unaweza kuiua.